Waligombania Simu, Betri Wakaiacha: Kisa cha Abiria wa Mwanza

Abiria wa kisa hiki ni mama wa makamo anayenunua mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, kwenye mialo na visiwa vya Ziwa Victoria, anayapanga kwa daraja, kisha anayapeleka Dar es Salaam kwa watu wanaoyasafirisha kwenda Hong Kong na China. Mabondo ni mali ya bei kubwa, na bei yenyewe haitulii, ndiyo maana simu yake haizimwi tangu alfajiri mpaka usiku. Mimi ndiye ninayemkatia tiketi hapa Mwanza. Shirika la ndege lilipomwandikia barua ya onyo alinijia akitaka nimsaidie kudai fidia. Nilimsikiliza yeye, nikazungumza na kijana aliyekaa pembeni yake, na ofisa wa kituo wa shirika akakubali kunisomea ripoti ya wahudumu. Baada ya hapo nikaona kisa hiki kiandikwe chote, kwa sababu kinawahusu wote wanaopanda ndege pale uwanjani. Shirika silitaji, wala watu siwataji majina.

Siku ya safari alifika mapema, ana begi moja la kupakia chini na mkoba wa mkononi. Begi lilipopita kwenye mashine ya ukaguzi akaitwa pembeni. Katikati ya khanga na sampuli za mabondo alizozifunga kwa magazeti kulikuwa na pawabanki, ile betri ya akiba ya kuchajia simu. Ilikuwa kubwa, ya aina ambayo watu wa visiwani wanaipenda kwa sababu unaweza kukaa mwaloni siku mbili bila mahali pa kuchomeka waya. Askari wa ukaguzi akamwambia, "Mama, hii haiendi chini. Itoe, uingie nayo mkononi." Akaitoa, akaitia kwenye mkoba, akashukuru, akaendelea. Hakuna aliyeigeuza kusoma kilichoandikwa nyuma. Niliigeuza mimi baadaye: 30,000 mAh, volti 3.7, na chini yake kwa herufi ndogo sana, 111 Wh. Hiyo namba ya mwisho ina uzito wake, nitaifikia.

Ndani ya ndege alikaa dirishani. Simu ilikuwa na chaji kidogo, akaichomeka kwenye pawabanki iliyokuwa ndani ya mkoba, akausukuma mkoba chini ya kiti cha mbele na kuufunika kwa khanga. Waya ukawa unatoka mkobani mpaka mkononi. Ndege ilipoanza kutembea kuelekea njia ya kurukia alikuwa bado anaongea na kijana wake wa ghalani Kirumba, aliyekuwa anapima mzigo mbele ya mnunuzi.

"Mama, naomba uzime simu, tunaondoka."

"Sawa mwanangu, namalizia."

Mhudumu akaendelea na ukaguzi wa mikanda. Aliporudi simu ilikuwa bado sikioni.

"Mama, nimekuomba kwa heshima. Zima simu."

"Nimekusikia, binti yangu. Kilo zinasomwa sasa hivi, nikikata nimeibiwa."

"Kwa hiyo unataka kutuangusha wote humu?"

Neno hilo ndilo lililochafua hewa. Abiria wa nyuma wakadakia. Mmoja akamwambia mama ameua watu, ndege ikiwa bado iko chini. Mwingine akafungua mkanda na kusimama ili aonekane anapofoka. Mama naye akapandisha sauti: mbona kijana wa kiti cha mbele anatazama filamu kwenye tableti yake, na hakuna aliyemgusa? Msimamizi wa wahudumu akaja, akawasiliana na rubani, ndege ikasimama. Mama akaambiwa achague kati ya mawili, aiweke simu kwenye hali ya ndegeni (airplane mode, inayokata mtandao) au ateremshwe. Akaiweka. Ndege ikaruka.

Huko juu akasinzia. Walipoanza kushuka kuingia Dar akazinduka, simu haipo. Ilikuwa imechomoka kwenye waya na kutelezea kwenye upenyo kati ya kiti na ukuta. Akaingiza mkono, haukufika. Akabonyeza kitufe cha kiti, akakilaza nyuma, akakiinua, akakilaza tena. Kijana wa pembeni, kwa wema wake, akasaidia kwa kukivuta kiti kwa nguvu. Wakasikia kitu kikivunjika. Simu ikatoka kona imepinda na kioo kimepasuka. Wahudumu walikuwa wameshakaa na kufunga mikanda kwa ajili ya kutua, kwa hiyo hawakuona chochote. Dar alipokelewa na maofisa wa usalama, akaandika maelezo kuhusu kuongea na simu, akaachiwa. Barua ya onyo ilifuata.

Ripoti niliyosomewa ina mambo mawili: simu na ubishi. Pawabanki haimo. Kiti hakimo. Katika safari ile kulikuwa na mambo matatu ya kuangaliwa, na lililopigiwa kelele na kuandikiwa barua ndilo lililokuwa na uwezekano mdogo kuliko yote wa kumdhuru mtu. Mengine mawili yalipita kimya, moja likiwa limebarikiwa na askari wa ukaguzi, jingine likiwa limesaidiwa na jirani mwema.

Nianze na la simu, kwa sababu hapo mama alikosea na nilimwambia hivyo uso kwa uso.

Katazo la vifaa vya umeme ndani ya ndege ni la zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1961 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipiga marufuku abiria kutumia redio ndogo za FM angani, na sababu ilikuwa ya kiufundi hasa. Ili redio ya FM ipokee stesheni, inatengeneza ndani yake mawimbi yake yenyewe, ambayo kwa kawaida huzidi yale ya stesheni kwa megahezi 10.7. Ukisikiliza stesheni iliyoko 100, redio yako inavujisha mawimbi ya 110.7. Na kati ya 108 na 118 ndipo zinapopita ishara zinazomwonyesha rubani njia na kumnyoosha na uwanja. Kifaa cha kupokea tu, kisichokusudiwa kurusha chochote, kilikuwa kinaweza kuingilia ishara hizo.

Simu yenyewe inarusha kwa makusudi. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2, na kiasi hicho huamuliwa na umbali: karibu na mnara inatumia nguvu kidogo, mbali na mnara inapandisha. Ndege ikiondoka Mwanza na kukata juu ya maji, minara ya mjini inabaki nyuma, ya ng'ambo ya ziwa iko mbali, na ganda la alumini linazuia mawimbi kutoka. Simu inajikamua mpaka mwisho wa uwezo wake kuutafuta mtandao. Yeyote aliyewahi kuweka simu karibu na redio ya nyumbani anaujua ule mlio wa trrr-trrr-trrr unaotangulia kabla simu haijaita. Simu ya 2G hurusha kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa spika unaudaka mdundo huo. Waya wa hedifoni za rubani nao unaweza kuudaka. Mpaka leo mazungumzo ya rubani na waongoza ndege yanapita kwenye redio ya sauti ya AM, kati ya megahezi 118 na 137, na rubani anategemea sikio lake kupata namba za urefu na mwelekeo. Ziwa letu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku na alfajiri. Asubuhi ambayo rubani anaelekezwa akwepe wingu, sitaki namba hata moja imezwe na simu ya mteja wangu.

Kwa hiyo mhudumu alikuwa na haki ya kuamuru, na mama alikuwa na wajibu wa kutii mara ya kwanza. Tena haki hiyo haitegemei ubora wa hoja. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mkuu mamlaka ya kuchukua hatua za busara kulinda usalama na utulivu ndani ya ndege, ikiwemo kumteremsha abiria. Amri ya mhudumu kabla ya kuruka inasimama kwenye mamlaka hayo. Mwenye shaka anatii kwanza, anauliza baadaye.

Lakini "unataka kutuangusha" si kweli, na kwa neno hilo mhudumu alijiharibia. Hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyothibitishwa kuwa imesababishwa na simu ya abiria. Kinachokaribia zaidi ni ajali ya ndege ndogo ya kukodi iliyoanguka karibu na Christchurch, New Zealand, mwezi Juni 2003, na watu 8 wakafa. Wachunguzi walisema simu ya rubani mwenyewe, iliyokuwa hewani wakati anashuka kutua, huenda iliingilia vyombo vyake. Huenda. Mwaka 2014 FAA iliagiza skrini za chumba cha rubani zibadilishwe kwenye ndege zaidi ya 1,300 za Boeing, aina ya 737 na 777, baada ya majaribio kuonyesha kuwa mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kuzifanya zizimike kwa muda. Hayo si mambo ya kupuuza, ila tazama njia iliyofuatwa: walipima, wakakuta udhaifu, wakabadilisha kifaa cha ndege.

Kupima huko huko ndiko kulikomwachia kijana wa mbele tableti yake. Kwa miaka mingi vifaa vyote vilizimwa mpaka ndege ivuke futi 10,000. Tarehe 31 Oktoba 2013 FAA ilitangaza kuwa mashirika yatakayothibitisha kwamba ndege zao zinahimili mawimbi ya vifaa vya abiria yanaweza kuruhusu vifaa vidogo vitumike mwanzo wa safari hadi mwisho, mradi viko kwenye hali ya ndegeni. Ulaya ikafuata mwaka huo huo, na mashirika duniani yakaenda njia hiyo kila moja kwa kiwango chake. Filamu iliyohifadhiwa ndani ya tableti, iliyoko hali ya ndegeni, haina ugomvi na mtu. Kompyuta ya mapajani ndiyo hufungwa na kuwekwa pembeni wakati wa kuruka na kutua, na sababu ni uzito wake: ndege ikisimama ghafla kompyuta hiyo inarushwa na kumpiga mtu, au inaziba njia ya kutokea. Mama hakuelezwa hata neno moja katika haya. Alichokiona ni mtu mmoja akiruhusiwa na mwingine akifokewa, na ningekuwa mimi ningeuliza swali lile lile.

Ipo sababu nyingine ya kuzima simu wakati wa kuruka na kutua ambayo sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa inakaribia kutua Bukoba iliingia ziwani. Walikuwamo watu 43, na 19 walifariki. Simu haikuhusika hata kidogo katika ajali ile. Ila wavuvi waliowahi kwa mitumbwi walitufundisha kwamba dakika za mwanzo ndizo zinazookoa, na aliye ndani anahitaji masikio na macho yake yawe wazi. Ndege kubwa za abiria haziidhinishwi kiwandani mpaka ionyeshwe kuwa wote waliomo wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Aliyekuwa anabishana kuhusu kilo za mabondo hajui mlango wa karibu yake uko wapi. Laiti mhudumu angemwambia hivi: "Mama, nakuhitaji unisikie dakika hizi chache." Mama yule ni mtu wa mialo, amezika watu wa ziwani. Angekata simu.

Sasa pawabanki.

Askari wa ukaguzi alifanya nusu ya kazi, na nusu hiyo aliifanya vizuri. Kanuni ya kimataifa iko wazi kuwa betri za akiba za lithiamu, pawabanki zikiwemo, haziwekwi kwenye mzigo unaopakiwa chini. Zinaingia na abiria, kwa sababu zikiwaka watu waone na wazime. Lakini kanuni hiyo hiyo ina vipimo. Kipimo ni wati-saa, ile Wh iliyoandikwa nyuma ya betri, yaani nishati inayobebwa ndani yake. Mpaka wati-saa 100 unapita bila kuomba ruhusa. Kuanzia 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na hazizidi mbili kwa abiria. Zaidi ya 160 haipandi kabisa kwenye mizigo ya abiria. Hesabu yake ni rahisi: chukua mAh, zidisha kwa volti, gawa kwa 1,000. Pawabanki ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 ni wati-saa 74. Ya 27,000 inagota karibu kabisa na 100. Ya mama, 30,000, ni 111. Ilihitaji idhini, idhini haikuombwa, na aliyemwambia aingie nayo hakujua kuwa kuna cha kuombwa. Sokoni kwetu watu wananunua kwa kutazama mAh tu, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo inavyosifiwa. Nimeshika nyingine ambazo hazina maandishi yoyote ya wati-saa, na nyingine ambazo uzito wake haulingani kabisa na namba iliyochapwa juu yake. Betri ambayo mtengenezaji wake ameidanganya namba, nina wasiwasi pia na alichokiweka ndani.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna seli. Seli moja ikibanwa, ikitobolewa, ikichajiwa vibaya au ikitoka kiwandani na kasoro, inapata joto. Joto linavunja kemikali za ndani, kemikali zinatoa joto zaidi pamoja na gesi inayowaka, kisha seli ya jirani nayo inaanza. Mnyororo huo ukishaanza hauzimiki kwa kukata waya. Gesi ya haloni iliyo kwenye mitungi ya kuzimia moto ya ndege inaua mwali, lakini haipoozi betri, na betri yenye joto inawaka upya. Kinachosaidia ni maji mengi au kinywaji chochote kisicho na kileo, kumiminwa mfululizo ili seli zilizobaki zipoe. Ndiyo maana mzigo wa chini haufai, hakuna mtu wa kumimina. Na ndiyo maana hofu ya dunia imehama. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake kama mzigo wa biashara haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Oktoba mwaka huo huo Marekani ilipiga marufuku Samsung Galaxy Note 7 kupanda ndege yoyote, hata ikiwa imezimwa, baada ya simu hizo kuwaka mara kwa mara. Zuio la Note 7 halikuwa na uhusiano wowote na mtandao.

Tarehe 28 Januari 2025, uwanja wa Gimhae mjini Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 ilishika moto ikiwa inasubiri kuondoka. Watu wote 176 walitoka, paa la ndege likaungua. Moto ulianzia kwenye kabati la juu, na wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye pawabanki. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo Korea Kusini ikakataza kuziweka kwenye makabati ya juu: abiria akae nayo mahali inapoonekana. Singapore Airlines, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, ikakataza kuitumia kuchajia kitu chochote safarini. Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na isitumike ndani ya ndege. China nayo, tangu tarehe 28 Juni 2025, haikubali kwenye safari zake za ndani pawabanki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Wafanyabiashara wa Mwanza wanaopitia Dubai kwenda Guangzhou wayashike haya kabla hawajapanga begi, maana pawabanki kama ya mama huyu itabaki Dubai.

Rudi kwenye mkoba wake uone. Betri yenye wati-saa 111, bila idhini, imechomekwa inachaji, imefungiwa ndani ya mkoba, imefunikwa na khanga, iko chini ya kiti miguuni, na mwenyewe amelala. Betri inayochaji hutoa joto, na nguo inalizuia lisitoke. Ingefuka moshi, wa kwanza kujua angekuwa mtu wa safu ya mbele, na wa mwisho angekuwa yeye. Mhudumu aliyesimama pale akimfokea kuhusu mnara alikuwa anautazama waya unaotoka mkobani. Simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha kuuona waya ule, na tangazo alilolikariri halina neno pawabanki.

La kiti ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linamtokea mtu yeyote, hata yule aliyetii kila kitu. Chini ya kiti cha ndege kuna vyuma vinavyosogea na kupishana kiti kinapolazwa na kuinuliwa. Simu iliyoingia humo, ukikisogeza kiti, inapindwa au kupondwa. Simu ya siku hizi ni betri bapa iliyozungushiwa kioo, na kuipinda ni kuzikutanisha tabaka za ndani zilizotenganishwa na utando mwembamba sana. Mwaka 2016 simu ya abiria wa Qantas ilipondwa hivyo hivyo kwenye kiti ikawaka hewani, na wachunguzi wa Australia wakawakumbusha abiria wote wasisogeze kiti, wamwite mhudumu. Mashirika mengi sasa yanaliweka kwenye tangazo la mwanzo wa safari. Wahudumu wanafundishwa kumwamsha abiria atoke kitini, kisha kuitafuta simu kwa mkono na tochi bila kugusa kitufe, na mitungi ya kuzimia moto iko karibu.

Niliikagua simu ya mama. Kona ya chini imepinda, na mfuniko wa nyuma umeinuka kidogo upande mmoja. Nilimwomba asiichaji tena, aipeleke kwa fundi ikatolewe betri siku hiyo hiyo. Fundi alipoifungua akakuta betri ina mkunjo unaoonekana kwa macho, ila haijatoboka. Kijana aliyevuta kiti nilipomweleza hayo alinyamaza, halafu akasema, "Kaka, mimi nilidhani namsaidia mama yangu." Ni kweli alisaidia kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyosaidia. Hakuwahi kuambiwa.

Tangazo tunalosomewa kwenye safari za ndani linatangulia Kiingereza, kisha Kiswahili kinasomwa mbio mbio, sentensi ndefu zilizojaa maneno ya ofisini kama "vifaa vyote vya kielektroniki vyenye uwezo wa kutuma mawimbi". Mama wa mabondo haoni kuwa anatajwa pale. Nimelipendekezea shirika maneno haya: "Simu zote ziwe hali ya ndegeni sasa hivi, rubani anahitaji kusikia na sisi tunahitaji mtusikie. Pawabanki iwe mahali unapoiona, isichomekwe. Simu ikikudondokea kwenye kiti, usisogeze kiti, tuite." Yanasemeka kwa nusu dakika, na hakuna atakayehitaji kutafsiriwa na jirani.

Barua ya fidia sikuiandika. Niliandika nyingine, mama akaisaini. Sehemu ya kwanza anakiri kuwa aliendelea kuongea baada ya kuombwa, na anamwomba radhi yule binti. Sehemu ya pili inaomba ripoti ya tukio iongezewe pawabanki na kiti, kwa sababu tukio lisiloandikwa halifiki kwa wakufunzi wa wahudumu wala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Sehemu ya tatu inauliza ni nani, kaunta ya tiketi au askari wa mashine, anayepaswa kusoma wati-saa na kutoa idhini pale uwanjani Mwanza. Mama alisita kwenye sehemu ya kwanza, akasema binti yule alimvunjia heshima mbele ya watu. Nikamwambia na hilo tuliandike, tukaliandika: kwamba mhudumu asimwambie abiria anataka kuua watu.

Ofisa wa kituo alijibu. Onyo linabaki, nami naona ni sawa libaki. Ripoti imeongezewa mambo yote mawili, na binti amepelekewa salamu zake za radhi. Kuhusu nani anasoma wati-saa, ameandika kuwa suala hilo linahusu shirika na uwanja kwa pamoja na amelipeleka mbele. Mpaka naandika haya jibu halijarudi. Kwa hiyo kila ninayemkatia tiketi kwa sasa namsomea pawabanki yake mwenyewe hapa ofisini, na inayozidi 100 namwambia aiache nyumbani au aje na idhini ya shirika iliyoandikwa. Mama amenunua ya 20,000.